Alama Mbili za Silaha

Swali la saba, alama kumi:
*Kwa nini dola za kale zilishindwa na wageni wachache?*
Mwongozo uko wazi, umepigwa muhuri.
Silaha bora, mbili. Farasi, mbili.
Maradhi, mbili. Mifarakano, mbili.
Utangulizi na hitimisho vigawane zilizobaki.

Kilimatinde, usiku. Umeme umekwenda kwao.
Upepo unapanda genge kutoka Bahi
na vumbi la mbuga iliyokauka,
unanifunulia karatasi kabla sijamaliza kusoma.
Nimezilaza chini ya jiwe.
Thelathini na wanane wameandika *bunduki*.
Wengine wameipigia mstari,
mmoja ameichora kabisa, na moshi wake.

Ya thelathini na tisa ni ya Sechelela Malogo,
akaaye dirishani, achelewaye kila Jumatatu
maana Jumatatu ni zamu yake ya kunywesha ng'ombe.
Hana utangulizi:

*Bunduki haina miguu, mwalimu.
Kutoka pwani hadi huku ni mwezi na siku,
na katikati kuna Marenga Makali,
ambako hata kunguru hubeba maji.
Basi nani aliibeba?
Bibi anasema babu wa babu yake
alilipwa dhiraa nane za marekani
kubeba sanduku asiloambiwa lina nini.
Lilielemea upande mmoja.
Alilitua kisimani kwetu.
Tukawauzia maji.
Mtemi akahesabu nguo, akahesabu shanga,
akasema: hawa ni wapita njia,
mpita njia ana kiu, na kiu hulipa.
Mwaka uliofuata
hawakupita.*

Hapa amefuta mistari miwili.
Nimeinua karatasi kwenye tochi, sikuweza kuisoma.

*Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka.
Mtu aliyewaachia fisi ng'ombe arobaini
hainui mkuki kwa ajili ya bendera.
Na majirani hawakuja kutusaidia,
kwa sababu kiangazi kilichotangulia
tuliswaga ng'ombe wao usiku. Hilo bibi hulisema kwa sauti ndogo.
Kwa Wainka sijafika, lakini kitabu kinasema
ndui ilitangulia, mfalme akafa,
wanawe wawili wakagombea kiti,
ndipo farasi wakafika.
Nikisoma naona kama ni watu wa Manyoni.
Hata funza, mwalimu! Funza alitoka upande ule wa dunia,
akavuka bahari, akaja ndani ya nyayo za wapagazi.
Dola mbili zisizojuana
zilichimbwa vidole na mdudu mmoja.*

Hana hitimisho. Muda ulikwisha,
nakumbuka nilivyomnyang'anya karatasi.

Nina kalamu nyekundu, na mwongozo.
Maradhi, mbili. Mifarakano, mbili.
Farasi wametajwa, sawa, mbili.
Silaha?
Nimetoka nje kufikiri, nikaelekea boma la Wajerumani,
au lililobaki. Ukuta wake nimewahi kuupima kwa hatua
nilipohamia hapa na sina marafiki.
Mawe ya hapa hapa. Udongo wa hapa hapa.
Migongo ya hapa hapa iliyoyapandisha.
Kilichotoka ng'ambo ni risasi na karatasi ya kodi,
na hivyo navyo
havikujibeba.

Lakini nisimdanganye mtoto.
Bunduki ilikuwepo. Ililia, watu wakaanguka,
na aliyeanguka hakuulizwa kama jirani alimpenda.
Nimemwandikia pembeni: *Na silaha je?*
Nikalikata swali.
Nikaliandika tena.

Ndoo ya jikoni ina maji ya kuoshea uso tu.
Wiki iliyopita walikuja watu watano na gari jeupe,
vijana wenye adabu, wamevaa viatu vya gharama.
Walipima ardhi kuzunguka kisima,
wakapigilia vigingi vyekundu, wakaomba maji.
Tuliwauzia ndoo shilingi elfu moja,
tukacheka jioni kutwa wasivyojua bei.
Mwenyekiti aliwauliza watarudi lini.
Walisema wanapita tu.

Sijajumlisha alama.
Kalamu iko juu ya jiwe,
na upepo bado unapanda genge.